Njiti Chini ya Magurudumu

Behewa lilipoondoka lenyewe kwa mara ya kwanza, mzee alicheka.

Alikuwa ameliacha kwenye reli ya stesheni, lile jekundu la mizigo, akageuka kuchovya brashi kwenye rangi. Aliporudisha macho, behewa halikuwa mahali pake. Lilikuwa linaondoka polepole, kama mgeni anayetaka kuaga lakini anaona haya. Likapita jukwaa la abiria, likapita tangi la maji lililotengenezwa kwa kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi, likaenda hadi mwisho wa reli, pale reli ilipokutana na ukuta, likagota. Ko.

"Ehe, bwana mkubwa," mzee akaliambia. "Ruhusa umepewa na nani?"

Akalirudisha stesheni, akaondoa mkono. Behewa likatulia kidogo, kana kwamba linafikiri, kisha likaanza safari ile ile. Ko.

Mtaani mzee huyu alijulikana kwa jina la Stesheni, na wengi hawakuwa na habari kwamba ana jina jingine. Maisha yake yote ya kazi alikuwa karani wa vifurushi, nyuma ya kidirisha chenye nondo, akipima mizigo ya watu na kubandika vibandiko, huku treni zikija na kuondoka mgongoni mwake. Hakuwahi kukanyaga ndani ya injini hata siku moja. Alipostaafu alisema sasa ni zamu yake ya kuzipangia treni safari. Sokoni, kwenye meza za mitumba, alikuta boksi lenye treni ndogo ya umeme: injini, mabehewa na reli zake, kila kipande cha kukaa kiganjani. Muuzaji akamwambia ni mchezo wa watoto.

"Watoto gani?" Stesheni alimjibu. "Mtoto anajua nini kuhusu reli?"

Akalibeba boksi kwapani mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba hati ya kiwanja.

Chumba alichokichagua kilikuwa cha nyuma, walikolala watoto wake wa kiume kabla hawajaoa na kwenda zao. Hakutaka kulaza ubao juu ya viti na kuutandika reli, kama wafanyavyo wenye pupa. Alijenga fremu: mbao ndefu mbili za pembeni, vipande vya kukatiza kati yake, kila kiungo kwa gundi na skrubu, mpaka ikawa kama ngazi pana iliyolazwa. Juu yake akafunga plaiwudi. Kisha ikaja miguu, na chini ya kila mguu akatia bolti na nati, ili mguu uweze kurefushwa au kufupishwa kwa spana. Treni ndogo haipendi mteremko. Jicho la mtu haliwezi kuona tofauti ya unene wa kadibodi, lakini behewa tupu lenye magurudumu laini linaiona, na halina adabu ya kunyamaza.

Basi siku ile ya kwanza, alipokwisha kucheka, alishuka chini ya meza na spana. Akazungusha bolti za upande wa ukutani kidogo, akaweka pima maji juu ya plaiwudi, akasubiri tone la hewa likae katikati ya mistari miwili. Likakaa. Akaliweka behewa stesheni. Likatulia kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi.

"Meza ilikuwa imekaa vibaya," akamwambia mkewe walipokuwa wakila.

"Meza yako haikai vibaya, inakaa kila mahali," mkewe alisema. "Mkasi wangu umeonekana wapi mara ya mwisho?"

"Kwenye karakana ya reli."

"Na shuka langu la zamani?"

Shuka lilikuwa limekuwa mlima. Alikuwa amekata kadibodi vipande virefu, akavisuka kama kikapu na kuvipinda mpaka vikapata mgongo na mabega, kisha akachana shuka, akachovya vitambaa kwenye plasta laini na kuvilaza juu yake. Vilipokauka, akapaka rangi ya udongo, akanyunyiza unga wa mbao aliouchemsha katika rangi ya kijani. Miti ilikuwa vijiti vikavu vyenye vipande vya sponji ya godoro. Nyumba zilikuwa za maboksi ya viberiti. Chini ya mlima kulikuwa na handaki, na ukutani nyuma yake akachora anga la buluu lenye mawingu machache, ili nchi ile isionekane imeishia chumbani.

Alikosa kitu kimoja tu: kokoto za kutandaza kati ya reli. Kokoto za kweli ni kubwa mno kwa treni ya kiganjani; hapo panahitajika mchanga mwembamba, wa chembe sawasawa. Na mchanga huo, kwa bahati, ukamfuata mlangoni.

Ng'ambo ya ukuta wa chumba kile kulikuwa na kiwanja kilichokuwa gereji zamani. Kiliuzwa, na tajiri aliyekinunua akataka jengo la ghorofa lenye maegesho ya magari chini ya ardhi. Wakachimba. Walichimba mpaka ukisimama ukingoni unaona vichwa vya watu chini vikiwa vidogo kama vifungo vya koti, na mpaka wakayafikia maji. Hapo wakaleta pampu. Pampu ile ilinguruma kutwa nzima, ikayanyonya maji shimoni na kuyatapika kwenye mfereji wa barabara, yakapita mbele ya nyumba ya Stesheni yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Jioni, pampu ilipopumzika na maji kukauka, mfereji ulibaki na utandu wa mchanga mzuri wa manjano uliopauka, wenye chembe za kumetameta.

Mkewe aliufagia kwa kulaani. Stesheni aliukinga kwa sufuria kuukuu.

"Huu," alisema akiuchekecha kwa kipande cha chandarua, "huu hata ukiuagiza huupati."

Alijaza makopo. Akautandaza kati ya reli kwa brashi, akaunyunyizia gundi nyeupe iliyochanganywa na maji na tone la sabuni, ukashika kama saruji. Reli zikapendeza. Alipokuwa akiusugua mchanga ule kati ya vidole, aliwahi kuhisi kwamba ameshauona mahali, zamani sana. Hakukumbuka ni wapi. Akaendelea na kazi.

Meza ikakaa vibaya tena. Akashuka na spana. Baada ya siku kadhaa ikakaa vibaya tena, upande ule ule wa ukutani, akashuka tena. Ikawa ada, kama kumwagilia maua. Na kwa kuwa kuinama kulimchosha kiuno, akaongezea spana njia nyingine: kila behewa lililosimama alilitia njiti ya kiberiti chini ya gurudumu. Njiti moja ilitosha. Mabehewa yakatulia safu nzima, kila moja na njiti yake, na stesheni ikawa na nidhamu.

Siku moja aliingia uani kijana mwenye kofia ngumu kwapani. Alikuwa msimamizi wa mjengo wa jirani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Tunapita kwa majirani wote, mzee wangu. Tunaomba tuangalie kuta. Kama kuna nyufa, milango inayokwama, tujue mapema. Maji ya pale chini ni mengi kuliko tulivyodhani."

Majirani wawili watatu walikuwa wamesimama langoni. Stesheni aliwaona, na kifua kikamjaa. Nyumba ile aliijenga kwa mshahara wa karani, tofali baada ya tofali, mchana yuko kazini na jioni yuko darasani na watu wazima wenzake wakijifunza hesabu na Kiingereza, na Jumapili yuko kiwanjani na koleo. Walimcheka. Walisema karani anajenga kiota. Sasa waliocheka walikuwa wapangaji, na kiota kilikuwa na vyumba vitano.

"Kijana," alisema kwa sauti ya kufika langoni, "nyumba hii imesimama tangu hujajua kujifunga vifungo vya shati. Kaangalie kuta za ghorofa lenu, zikishapatikana."

Majirani wakaangua kicheko. Msimamizi naye akacheka kidogo, kwa heshima, akaacha namba yake ya simu kwa mama wa nyumba, akaondoka.

"Angeangalia tu, kwani angekula ukuta?" mkewe alimwambia.

"Leo ataangalia ukuta, kesho tajiri wake atasema nyumba mbovu, kesho kutwa wanataka waninunue kwa bei ya mkaa. Ninawajua."

Mlima ukapasuka wiki hiyo hiyo. Ulikuwa ufa mwembamba, kutoka kileleni hadi mdomoni mwa handaki. Akauziba kwa plasta, akaupaka rangi. Ukafunguka tena, mpana zaidi, ukiwa na kingo kali. Akaukodolea macho, ameshika kiuno. Kisha akatabasamu, akaenda kuleta vanishi. Ufa ule akaugeuza mto. Akaupanua kwa kisu, akalaza mchanga wa mfereji chini yake, akapanga vijiwe, akamimina vanishi tabaka juu ya tabaka, mpaka ukawa na maji ambayo ungeapa ni ya baridi.

Mkewe aliitwa aje aone.

"Mto mzuri," alisema. "Unatoka wapi?"

"Mlimani."

"Na unakwenda wapi?"

Stesheni aliufuata kwa macho. "Ukutani," alisema.

"Haya," mkewe akasema, akarudi jikoni.

Mto ulipofika ukutani haukukoma. Palepale reli ilipoishia, anga la buluu likaanza kuonyesha mstari, mwembamba kama unywele, ukipanda kuelekea mawinguni. Huo akaugeuza mti. Akauchorea shina la kahawia na matawi makavu, mti wa kiangazi. Lakini mti ulirefuka wenyewe, na kila uliporefuka alilazimika kuuongezea tawi.

"Huu mti unakua kuliko wajukuu," mkewe alisema, na safari hii hakucheka.

Rafiki wa Stesheni alikuwa fundi seremala waliyemwita Kobe, kwa kuwa hajawahi kumaliza kazi siku aliyoahidi, ingawa kazi yenyewe ikimalizika haivunjiki. Alikuja na mabaki ya mbao, akakaa, akasifu handaki, akaangusha penseli. Alipoinama kuiokota chini ya meza, hakuinuka upesi.

"Stesheni, njoo uone. Meza yako imeota miguu ya twiga upande mmoja."

"Sakafu ina mabonde."

"Sakafu hii?" Sauti ya Kobe ilitoka chini kama ya mtu kisimani. "Siku uliyoipiga sakafu hii ulitufukuza wote tusiikanyage. Ukaweka kiti mlangoni, ukakaa na fimbo kama mlinzi wa benki. Ulitusumbua mwaka mzima, eti ukiweka yai halibingiriki."

"Wewe ulileta mbao au umeleta historia?"

"Nimeleta vyote, havilipiwi." Kobe akainuka akijipangusa magoti. "Na mlango wa chumba cha pembeni? Nimeutengeneza mimi, ulikuwa unafungwa kwa kidole. Leo nimepita nimemwona shemeji anaufunga kwa bega."

"Umevimba. Unyevu."

"Mlango umevimba, sakafu ina mabonde, meza ina matege." Kobe alimtazama. "Na mwenye nyumba je, mzima?"

"Mzima kuliko wewe."

Wakacheka, lakini kicheko cha Kobe kiliisha kwanza. Alipoondoka, Stesheni hakuinama chini ya meza kuona alichokiona mwenzake. Kila mara alikuwa akiinama kwenye mguu mmoja, anauzungusha, anaondoka. Kuitazama miguu yote kwa pamoja, hilo hakuwa amelifanya, na hakuona haraka ya kulifanya.

Ndipo ikaja habari ya binti yao. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa, hayupo, na yeye alikuwa amejifungua mtoto wa kike hospitalini. Angekuja nyumbani kwa wazazi mpaka apate nguvu. Chumba kilichokuwa wazi ni kile cha pembeni, kilichopakana na chumba cha treni, ukuta wao wa upande wa shimo ule ule mmoja.

Mkewe alikisafisha, akatandika kitanda. Kisha akaja akasimama mlangoni mwa chumba cha treni, kitambaa cha vumbi mkononi.

"Baba yao, niambie ukweli. Kile chumba ni salama?"

"Kwa nini kisiwe salama?"

"Mlango mgumu. Na jana nimesikia ukuta unalia."

"Ukuta haulii."

"Umelia. Kama mtu anavunja biskuti."

Stesheni alikuwa akifunga nguzo ndogo ya ishara za treni, mkono mwekundu juu, wa kijani chini. Hakugeuka. "Nimepima leo asubuhi kwa pima maji," alisema. "Iko sawa kabisa. Tone liko katikati."

Hakuwa amedanganya, kwa jinsi alivyojieleza mwenyewe. Alichokipima asubuhi ile kilikuwa sawa kabisa. Ila alichokipima ni meza.

Mkewe alivuta pumzi, mabega yakamshuka. "Basi," alisema. "Ukisema wewe, inatosha." Akaenda kuweka kitanda cha mtoto chini ya dirisha, upande wa ukuta.

Maneno yale yalibaki chumbani baada yake. Stesheni aliinua mkono wa ishara, akaushusha, akauinua. Kisha akatwaa boksi la njiti, akaongeza ya pili chini ya kila gurudumu.

Binti alifika na mtoto amefungwa shali, na mvua ikafika naye. Ilinyesha siku mbili mfululizo. Shimo la jirani lilijaa, pampu ikaongezwa nyingine, na ngurumo zao mbili zikawa kitu cha kuishi nacho, hata watu wakizungumza walipaza sauti bila kujua. Maji ya mfereji hayakuwa tena rangi ya chai. Yalikuwa ya manjano, mazito, na mchanga ukalala barabarani kama zulia. Stesheni aliutazama kutoka barazani. Makopo yake yalikuwa yamejaa.

"Baba, njoo umwone mjukuu wako akioga," binti aliita. "Anakunja uso kama wewe ukisoma gazeti."

Mvua ilikuwa imekatika, jua la mchana limeingia chumbani. Stesheni aliusukuma mlango kwa bega, akasimama kizingitini. Beseni la bluu lilikuwa sakafuni, mkewe amepiga magoti, mtoto amelazwa juu ya mkono wake, kichwa chote povu.

"Mama, maji yatamwagika," binti alisema. "Tazama, upande huu yamefika ukingoni."

"Beseni limepinda. Plastiki za siku hizi." Bibi mtu akalishika kwa mkono mmoja uliobaki, akalizungusha nusu. Maji yakayumba, yakatulia. Upande wa ukutani yalifika ukingoni. Upande wa mlangoni yalikuwa chini kwa upana wa vidole vitatu.

"Bado limepinda," binti akasema akicheka. "Limepinda kotekote."

"Hebu lisogeze."

Wakalisogeza. Maji yakaelekea ukutani.

Stesheni aliyatazama maji yale. Alirudi nyuma, akaingia chumba cha treni, akafunga mlango. Alipiga magoti, halafu akalala kifudifudi kabisa, shavu sakafuni, akaitazama miguu ya meza yote kwa pamoja.

Upande wa mlangoni bolti zilikuwa zimezama, vichwa tu vinaonekana. Upande wa ukutani zilikuwa zimetokeza nje, tupu, zinang'aa, urefu wa kidole cha mtu. Nyingine ilikuwa imeshikilia kwa meno ya mwisho. Kila mzunguko wa spana ulikuwa pale, umehifadhiwa. Alikuwa ameinyanyua meza kidogo kidogo kadiri nyumba ilivyokuwa ikishuka, na juu ya meza nchi yake ikabaki tambarare, mto wake na mti wake na stesheni yenye nidhamu, huku kila kitu kingine kikienda.

Na chini ya meza, mbele ya pua yake, palikuwa na kopo la mchanga lililopinduka. Ulikuwa umemwagika, chembe zinametameta katika mwanga uliopita chini ya mlango. Sasa akakumbuka ni wapi alipouona. Ilikuwa Jumapili, yuko mtaroni na koleo, anachimba msingi. Juu palikuwa na udongo mwekundu. Chini yake, alipofika kimo cha kifua, ukatokea mchanga wa manjano uliopauka, msafi, mkavu, umeshikana kama jiwe. Mzee mmoja aliyepita alimwambia ana bahati, mchanga kama huo hauendi popote, mradi tu usipate njia.

Ulikuwa umepata njia. Ulipita mbele ya mlango wake kila siku, na yeye akaukinga kwa sufuria, akauchekecha, akautandaza kati ya reli kwa brashi.

Ukutani, nyuma ya mti aliouchora, kitu kikavunjika kama biskuti.

Aliinuka. Magoti hayakumsumbua. Aliusukuma mlango wa chumba cha pembeni mpaka ukapiga kelele.

"Mama yao. Mtoeni mtoto."

"Nini tena?"

"Tokeni nje. Wote. Hivi hivi."

"Mtoto ana sabuni kichwani, mzee!"

"Atoke na sabuni yake."

Mkewe alimtazama. Alimtazama kwa muda ambao Stesheni angetamani uwe mfupi. "Ulisema umepima," alisema.

"Nilipima meza."

Mkewe aligeuka. Alimfunga mtoto kwa taulo, akampa mama yake, akamsukuma binti mbele kwa kiganja mgongoni, akamfuata. Alipompita mumewe kizingitini, alipita kwa ubavu, asimguse.

Walisimama uani, chini ya jua, mtoto akilia kwa sababu ya povu machoni. Stesheni alivuka lango, akaingia barabarani kwenye matope ya manjano, akaenda hadi kwenye uzio wa mabati wa mjengo. Akapiga mabati kwa kiganja. Majirani walikuwa wanatazama, walewale. Alijua wanatazama.

Kijana mwenye kofia ngumu akatokeza.

"Mwanangu," Stesheni alisema. "Njoo uangalie ukuta wangu."

Msimamizi hakumkumbusha lolote. Alikuja mbio. Alipita uani, akafika mlango wa chumba cha nyuma, akachungulia. Hakuingia. Aliangalia anga la buluu na mti mkubwa mkavu, akaangalia shina lake, ambalo sasa lilikuwa na nafasi ya kupitisha mkono, na ndani ya nafasi ile mwanga wa mchana.

"Mzee," alisema akirudi kinyumenyume, "asirudi mtu ndani. Hata kufuata kiatu."

Kisha akapaza sauti kuelekea mjengoni, akiwapungia watu kwa mikono miwili. "Tokeni shimoni! Zima! Zima zote!"

Watu wakapanda ngazi wakikimbilia barabarani. Pampu ya kwanza ikanyamaza, kisha ya pili.

Hakuna aliyekuwa akikumbuka kimya kinafananaje. Kiliwashukia wote kwa pamoja, hata mtoto akaacha kulia. Mkewe Stesheni alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anampangusa mjukuu povu kwa ncha ya kanga. Fundi Kobe alikuwa amefika na msumeno wake, hajui aufanyie nini. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, na kupitia huo waliweza kuona sebule, saa ya ukutani, viti vyenye vitambaa vyeupe, kila kitu mahali pake.

Ndani ya nyumba kukasikika sauti ndogo, nyembamba, ya magurudumu.

"Nani amewasha treni?" binti alinong'ona.

"Umeme nimeuzima mimi, nje kwenye mita," Kobe alisema.

Sauti ikakimbia, ikagota. Ko.

Stesheni alijua ni lile jekundu la mizigo. Lilikuwa ndilo lililokaa karibu na ukuta. Njiti mbili zilikuwa zimeshindwa. Likafuata la pili, likaligonga la kwanza. Ko. La tatu. Wote walisikiliza, msimamizi na kofia yake, majirani langoni, hakuna aliyethubutu kukohoa, na mabehewa yakaondoka moja moja katika nyumba isiyo na mtu, bila pupa, kila moja likivunja njiti zake na kumfuata mwenzake.

"Yamekwisha?" mkewe aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza.

"Bado injini," Stesheni alisema. "Injini ni nzito."

Injini ilipoondoka walitambua mlio wake, mnene kuliko wa mabehewa. Ilipita jukwaani. Ilipita tangi la maji. Wakangoja ko, na ko haikuja. Palikuwa na kimya cha kuvuta pumzi moja, halafu kutoka ng'ambo, kutoka chini kabisa, kwenye shimo ambalo maji yake sasa yalikuwa yametulia, wakasikia vitu vidogo vikidumbukia, kimoja baada ya kingine. Chubwi. Chubwi. Chubwi.

Saa ya ukutani sebuleni ikainama upande mmoja.

Stesheni alinyoosha mkono, akaushika mkono wa mkewe. Ulikuwa na povu la sabuni. Mkewe hakuuondoa.